Mlima Mfupi Kuliko Lushoto

Kaka yangu mkubwa alipoambiwa kwamba kilele kirefu kuliko vyote katika nchi ya Wales kina mita 1,085 tu kutoka usawa wa bahari, aliweka kikombe chake cha chai mezani akacheka. "Mdogo wangu," alisema, "sokoni Lushoto, wanakouza kabichi na matunda damu, ni juu zaidi ya hapo. Huo ni mlima au ni kichuguu?"

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Mji wa Lushoto, katika milima ya Usambara, uko karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Kaka alizaliwa huko, akakulia huko, na miguu yake imezoea njia za mteremko tangu utotoni. Baba yetu alipofariki mimi nilikuwa na miaka tisa, na ni yeye aliyeacha shule ili aniweke mimi shuleni. Alibeba mboga kwa kichwa kutoka shambani hadi barabarani, asubuhi kwa asubuhi, kwa miaka mingi. Kwa hiyo alipokuja Uingereza kututembelea kwa mara ya kwanza, wakati wa kiangazi, na watoto wangu wakamwomba Baba Mkubwa afuatane nao kupanda mlima, hakuna aliyeona haja ya kumfundisha jambo. Nani amfundishe samaki kuogelea?

Ninaandika haya, ndugu msomaji, kwa kuwa siku ile tulikaribia kupata msiba, na sababu yake ilikuwa ndogo. Wapo wengi katika jamaa zetu waishio Ulaya, na wengi zaidi wanaokuja kuwatembelea watoto na wajukuu wao miezi ya Julai na Agosti, ambao hualikwa katika matembezi kama hayo. Matembezi ni mazuri, lakini yana adabu zake.

Mlima wenyewe

Wales ni sehemu ya Uingereza iliyoko upande wa magharibi, yenye watu wake na lugha yake. Mlima huo Waingereza huuita Snowdon, lakini wenyeji tangu kale huuita Yr Wyddfa, na mwaka 2022 mamlaka ya hifadhi ile ya taifa iliamua kutumia jina hili la wenyeji. Kwetu sisi tulioizoea "dh" ya dhahabu na dhamana, jina lile si gumu kutamka: herufi zao mbili "dd" ni "dh" yetu, na "f" yao ni "v". Maana yake ni kaburi, au chungu la mawe lililo juu ya kaburi. Ngano zao husimulia kwamba jitu moja liitwalo Rhita lilizikwa pale kileleni.

Ziko njia sita kuu zinazofika juu. Tulichagua ile inayoanzia katika mji mdogo wa Llanberis, kwa kuwa ndiyo ndefu kuliko nyingine na yenye mwinuko wa taratibu, na ndiyo wanayopenda wenye familia. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 14 na nusu, mwinuko wake ni karibu mita 975, na mtu wa kawaida huhesabiwa saa sita. Mji wa Llanberis umekaa kando ya ziwa, na ng'ambo ya ziwa lile mlima mzima umechongwa ngazi kwa ngazi. Hayo ni mabaki ya machimbo ya Dinorwig, ambako mawe meusi ya kuezekea paa yalichimbwa hadi mwaka 1969. Eneo lote la machimbo hayo ya kaskazini-magharibi ya Wales liliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2021.

Tuliondoka Birmingham saa kumi na mbili asubuhi, baada ya swala ya Alfajiri na kulala kidogo. Safari ni kilomita zipatazo 200. Saa nne kamili tulikuwa tumekwisha kuegesha gari na tunaanza kutembea: mimi, mke wangu, binti yetu wa miaka kumi na minne, mwanetu wa miaka kumi, na Kaka. Jua lilikuwa limewaka, ziwa linang'aa, watu wamevaa fulana. Kaka alivaa shati jeupe la pamba, suruali nyepesi na raba zake za soli bapa alizokuja nazo kutoka nyumbani. Mke wangu alikuwa amempangia koti la mvua na sweta la sufu. Kaka alivitazama, akavirudisha ndani ya gari kwa upole. "Shemeji, haya ni ya Desemba," alisema. Mke wangu alinitazama. Mimi nilinyamaza.

Kunyamaza kule ndiko kosa la kwanza, na lilikuwa langu.

Njia ilivyokuwa

Mwanzo wa njia hii huwadanganya watu kwa namna mbili. Kwanza, ni barabara ya lami iliyosimama wima kati ya nyumba za mwisho za mji, kiasi kwamba mtu huhema kabla hajauona mlima. Wengi hukata tamaa hapo bila sababu, maana baada ya geti, lami huisha na njia hulala, ikawa ni mwendo wa kustarehe kati ya kuta za mawe na kondoo wanaokula majani. Udanganyifu wa pili uko hapo hapo penye starehe: mtu hudhani kwamba mlima wote ndivyo ulivyo.

Njia imejengwa. Sehemu kubwa imetandikwa mawe bapa yaliyopangwa kwa mkono kama sakafu ya ua wa nyumba za kale, na kila baada ya hatua kadhaa kuna mfereji wa mawe uliokatiza njia ili kuondoa maji ya mvua. Anayeishi Usambara anajua maji yanavyofanya kazi: yakipewa njia moja yenye mteremko, hugeuka korongo katika misimu michache. Zaidi ya watu nusu milioni hupanda mlima huu kila mwaka kwa njia zake zote, na kila mguu unaokwepa jiwe lenye maji na kukanyaga nyasi za pembeni huongeza upana wa kidonda. Kaka aliipenda kazi ile ya mawe. Aliinama mara kwa mara kuitazama, akasema kwamba fundi aliyeipanga alikuwa mtu mwenye subira.

Hata hivyo, mawe yaliyokanyagwa na watu wengi hung'aa kama yaliyopakwa mafuta. Yakiwa makavu hayana neno. Yakilowa, soli bapa haishiki kitu. Na juu ya sehemu zisizotandikwa kuna kokoto zilizolegea ambazo wakati wa kupanda huzioni, ila wakati wa kushuka huviringika chini ya kisigino. Wenyeji watakwambia kwamba watu wengi huumia wakishuka, wakati magoti yamechoka na akili imekwisha kufika nyumbani.

Sambamba na njia kuna reli. Treni ndogo hupanda hadi kileleni tangu mwaka 1896, ikishikwa na meno ya chuma katikati ya reli ili isirudi nyuma. Watoto waliipungia mikono kila ilipopita. Tulisalimiana na watu wa kila aina. Mabinti waliovaa hijabu walitupita wakikimbia, na mzee mmoja wa kizungu mwenye fimbo mbili alitutakia siku njema kwa lugha yake ya Wales. Mbwa walikuwa wengi, karibu wote wamefungwa kamba.

Saa tano na nusu tulifika Nusu ya Njia, mahali penye kibanda kidogo cha chai. Tulikunywa maji, tukala mayai na chapati. Kaka hakuwa hata anahema. "Kichuguu," alimnong'oneza mwanangu, wakacheka wote wawili.

Jua lilipotuacha

Kutoka pale njia huinuka kwa ukali. Mbele yetu, sehemu ya juu ya mlima haikuonekana. Wingu la kijivu lilikuwa limeketi juu yake kama kilemba. Utabiri wa hali ya hewa ya milimani, ambao nilikuwa nimeusoma usiku uliotangulia, ulisema kwamba mawingu yangeshuka mchana na upepo ungeongezeka. Nilikuwa nimeusoma, lakini nilikuwa nimeyaamini zaidi macho yangu kule bondeni penye jua.

Joto hupungua kwa zaidi ya nusu digrii kwa kila mita 100 unazopanda. Kwa hiyo nyuzi 19 za pale ziwani zilikuwa zimepungua pale tulipofika, kabla ya kuhesabu upepo. Upepo ule hutoka upande wa Bahari ya Atlantiki ukiwa umebeba maji, na milima hii ni ukuta unaoukabili. Ndiyo maana safu hii ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Uingereza. Njia inapita chini ya daraja la reli karibu na kituo cha Clogwyn, chenye urefu wa karibu mita 780. Upande wa pili wa daraja lile ulimwengu ulibadilika. Upande mmoja ardhi hukatika ghafla kuelekea bonde la chini, na kutoka humo upepo ulipanda kwa nguvu ukamvuta mwanangu kofia kichwani. Manyunyu yalianza. Hayakuwa mvua ya kutisha. Yalikuwa maji membamba yanayoingia kila mahali bila sauti.

Sisi wanne tulivaa makoti. Shati la Kaka lilikuwa limelowa jasho tangu chini, na sasa lililowa na manyunyu pia. Nilimpa skafu yangu. Aliipokea akaizungusha shingoni, akaendelea kutembea mbele yetu. Alikuwa anamtaja Mola wake kwa sauti ndogo, kama ilivyo desturi yake anapopanda mlima, "Subhanallah, subhanallah," kwa mwendo wa hatua zake. Ukungu ulitufunika. Tuliwaona watu wakishuka kama vivuli, wamejikunyata, na mmoja alituambia kwamba juu hakuonekani hata mkono.

Robo saa baadaye tulisimama kando ya jiwe kubwa ili watoto wale tende. Tende zilikuwa katika mfuko mdogo wa begi alilobeba Kaka. Nilimwona akishughulika na zipu. Vidole vyake viliipapasa, vikaiacha, vikairudia. Binti yangu alisogea akamfungulia bila kusema neno, kisha akaja kwangu akanivuta mkono.

"Baba," alisema kwa sauti ya chini, "Baba Mkubwa ulimi wake umekuwa mzito. Sikiliza anavyoleta dhikri."

Nilisikiliza. Maneno yalikuwa yanaburuzika, kama ya mtu aliyeamshwa usingizini. Alikuwa ametetemeka tangu darajani, na mimi niliona, nikadhani ni ubaridi wa kawaida. Nikamwuliza kama ameswali swala ya Adhuhuri, swali ambalo halikuwa na maana kwa kuwa tulikuwa pamoja wakati wote. Aliniangalia kwa muda mrefu, akasema, "Ndiyo. Nadhani ndiyo." Hapo moyo wangu ulishuka.

Binti yetu alikuwa amefundishwa shuleni, walipokwenda kambi, dalili za mwili kupoteza joto: kutetemeka, mikono kushindwa kazi ndogo ndogo, ulimi kuwa mzito, kujikwaa, hasira au ubishi usio wa kawaida, na akili kuchanganyikiwa. Mwili wa binadamu una joto la nyuzi kama 37. Likishuka chini ya 35, hatari imeingia. Na jambo baya zaidi ni kwamba kiungo kinachochelewa kujua ni akili ya mgonjwa mwenyewe. Yeye hujiona mzima. Kutetemeka kukikoma wakati bado yuko baridini, watu hudhani amepata nafuu, kumbe ndipo hali inapokuwa mbaya zaidi.

Uamuzi

"Kaka, turudi," nilisema.

"Turudi wapi? Tumefika."

Kweli, kilele kilikuwa mbali kwa kiasi cha dakika arobaini tu. Nikarudia. Akasema nisimfanye mtoto mchanga, kwamba ameshinda milimani kabla mimi sijajua kutembea. Akageuka, akapiga hatua kwenda juu, akateleza juu ya jiwe lililolowa, akashika goti. Sijawahi katika maisha yangu kumkatalia Kaka neno. Nilisimama pale katika ukungu nikiwa mtu mzima mwenye watoto wawili, na mdomo haukufunguka.

Mke wangu ndiye aliyesogea. Alikwenda akasimama mbele yake, chini kidogo, akasema, "Shemeji, watoto wamepata baridi na mimi naogopa mawe haya wakati wa kushuka. Tunakuomba uturudishe. Wewe ndiye mkubwa wetu hapa. Ukitangulia wewe, sisi tutafuata."

Hakuna neno la uongo katika maneno yale. Watoto walikuwa na baridi, na yeye aliogopa. Lakini alimwachia mtu mzima heshima yake mikononi. Kaka alimtazama, akawatazama watoto, akasema, "Haya, kama ni kwa ajili ya watoto."

Kabla hatujashuka tuliingia nyuma ya jiwe, upande usiopigwa na upepo. Nilimvua shati lililolowa, nikamvisha sweta langu la sufu lililokuwa kavu chini ya koti, na juu yake koti langu. Binti alimvika kofia yake. Mke wangu alimmiminia chai ya tangawizi yenye sukari nyingi kutoka katika chupa, akamshikia kikombe kwa kuwa mikono yake ilikuwa haitulii. Hatukumsugua viungo, maana tulijua kwamba haifai; tulimzunguka tu sote wanne, tukakaa naye karibu. Kisha tukaanza kushuka, yeye wa kwanza kama tulivyomwahidi, na mimi hatua moja nyuma ya mkono wake.

Ilituchukua zaidi ya saa moja kurudi Nusu ya Njia. Chini ya daraja upepo ulipungua. Chini zaidi, wingu lilibaki juu yetu na bonde likafunguka tena, la kijani, lenye jua, kana kwamba hakuna lililotokea. Maneno ya Kaka yalirudi kidogo kidogo. Nilijua kwamba amepona alipoanza kumlaumu mwanangu kwa kuburuza miguu.

Pale tulitawadha katika kijito kilichokuwa na maji ya barafu, Kaka akiwa amepewa maji ya vuguvugu kutoka chupa ya pili. Tukatandika mkeka juu ya nyasi mbali kidogo na njia, tukaelekea kusini-mashariki, tukaswali Adhuhuri na Alasiri kwa kupunguza na kukusanya kama wasafiri. Kaka ndiye aliyetuswalisha. Sauti yake ilikuwa safi. Nilipokuwa nimesujudu sikuweza kuyazuia machozi, na nilishukuru kwamba wengine hawakuniona.

Mita si kipimo peke yake

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini tulikosea. Kaka hakudanganya katika hesabu yake: mlima ule ni mfupi kuliko Lushoto. Lakini Lushoto iko chini ya nyuzi tano kusini ya mstari wa Ikweta, na Yr Wyddfa iko nyuzi 53 kaskazini. Kwa mita 1,400 Usambara kuna misitu, migomba na mashamba ya mahindi. Kwa mita 1,000 Wales hakuna mti hata mmoja. Kuna mawe, kuvu na nyasi fupi zilizojikunyata. Tungeitazama mimea tungeelewa. Mola amekiandikia kila kimea mahali pake, na mahali ambapo mti umeshindwa kusimama, mtu mwenye shati la pamba asijidai.

Wapo wasomaji waliopanda Jabal Nur, Makka, kwenda kulitazama pango la Hira. Mlima ule una kiasi cha mita 640 tu, na bado wazee wetu huzidiwa humo, maana huko adui ni jua. Uzoefu wa mlima mmoja ni elimu ya mlima ule tu. Na tawakkul, kama tunavyofundishwa katika ile hadithi maarufu ya bedui na ngamia wake, haimwondolei mtu wajibu wa kamba.

Kwa familia zinazokusudia kwenda

Baada ya siku ile tumejiwekea masharti machache, na tunayatoa kwa anayeyahitaji.

Tusome utabiri wa milimani na si wa mjini, tuuangalie upepo na kimo cha mawingu kabla ya kuangalia mvua. Utabiri ukipingana na macho yetu, tuuamini utabiri.

Kila mtu, mkubwa kwa mdogo, abebe koti la mvua, sweta la sufu au la kitambaa kisichoshika maji, kofia na glavu, hata ikiwa ni Agosti. Pamba ikilowa hunyonya joto la mwili, kwa hiyo shati, fulana na suruali za jinzi zibaki nyumbani. Kwa akina mama na mabinti, suruali pana chini ya vazi refu lisilofika kwenye kifundo, pamoja na hijabu isiyoning'inia, husitiri na wala haimkwazi mtu juu ya mawe. Viatu viwe vyenye soli ya meno.

Tubebe chakula chetu na maji ya kutosha, chai ya moto, tochi, filimbi na ramani. Simu huisha chaji upesi baridini. Mkeka wa swala uwe wa kitambaa kisichopitisha maji, maana ardhi imelowa na mbwa ni wengi. Takataka zote zirudi nyumbani, hata ganda la ndizi, kwa kuwa katika ubaridi ule huchukua muda mrefu sana kuoza.

Mzee asiyeweza kutembea akate tiketi ya treni mapema. Lakini anayepanda kwa miguu asitegemee kwamba atashuka nayo, na upepo ukiwa mkali treni yenyewe huishia Clogwyn. Msaada ukihitajika, piga 999, uwaombe polisi, kisha waokoaji wa milimani. Ishara ya filimbi ni milio sita ndani ya dakika moja, unyamaze dakika moja, urudie. Waokoaji wale ni watu wa kujitolea wanaoacha kazi na familia zao bila malipo. Tusiwaite kwa uzembe, wala tusione haya kuwaita kwa haja.

Mwisho, kabla ya kuondoka nyumbani familia ikubaliane saa ya kugeuka na nani ana haki ya kusema "turudi". Sisi tumekubaliana kwamba haki hiyo ni ya kila mmoja, hata mtoto, na kwamba anayeisema haulizwi mara mbili. Kumheshimu mkubwa ni dini. Lakini kumwacha mkubwa aangamie kwa kumwonea haya si heshima.

Kaka alirudi nyumbani mwezi uliofuata. Hakulizungumza jambo lile hata siku moja, nasi hatukumkumbusha. Lakini juzi mpwa wangu alinipigia simu kutoka Lushoto, akanisimulia kwamba Kaka alikuwa barazani baada ya swala ya Isha, na vijana walikuwa wanapanga kwenda Kilimanjaro wakisema kwamba waliozaliwa milimani hawana haja ya makoti mazito. Kaka aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akawaambia kwamba yeye amewahi kurudishwa na mlima mfupi kuliko soko la mji wao, na kwamba aliyemrudisha alikuwa mtoto wa miaka kumi na minne aliyejua kusikiliza. Halafu akaingia ndani, akatoka na lile sweta la sufu, akampa mkubwa wao.